Ofisi Iliyopambwa kwa Milango ya Watu

Shemeji yangu alivunja nyumba kwa miaka ishirini na miwili. Alizivunja kwa mikono yake, kwa nyundo ya kilo saba, sururu na mtaimbo, akiwa mtu wa mbele katika kikosi kilichotangulia kila palipotakiwa kupita barabara mpya. Wenzake walimpa jina la Sururu, likamganda kiasi kwamba hata dada yangu, mkewe, alimwita hivyo mbele za wageni.

Kazi ile ilikuwa vita, na tusidanganyane. Hakuna anayechekelea kuvunjiwa. Watu waliziba milango kwa makabati na vitanda, wengine walipanda juu ya paa na ndoo za mawe. Mama mmoja alimmwagia Sururu maji ya moto begani, na alipovua shati ngozi ikatoka nalo. Mbwa alimng'ata paja akaondoka na kinofu. Siku nyingine jiwe lilimpata kwenye paji la uso, mfupa ukabonyea. Mpaka leo ukipitisha kidole pale kinaingia kishimoni. Vidonda vyote hivyo nilivifunga mimi. Ndiyo kazi yangu, nafunga vidonda zahanati, na nyumba yangu na ya dada zinatenganishwa na ua wa mabati tu.

Naye alipiga. Hakunificha. Nilikuwa nikimsafisha, yeye akinisimulia huku anacheka.

"Shemeji, ukicheleweshwa na mtu mmoja mlangoni, mtaa mzima unapata nafasi ya kuokota mawe. Kwa hiyo unamtoa upesi. Unampiga mahali pasipoua."

Nilimpaka dawa nikanyamaza. Nilikuwa nakula kwake mara nyingi, na mdomo ukila macho huona haya.

Katika kila nyumba alichukua kitu kimoja. Wenzake walibeba mabati, sufuria, hata magodoro, yeye hakugusa. Alichukua kitasa, au bawaba, au ufunguo uliosahauliwa mlangoni. Mara moja alichukua kipande cha lipu ambacho mtoto alikuwa amechora kuku kwa mkaa. Alikikata pande zote kwa tindo, polepole, huku msimamizi wake anamfokea kwamba tingatinga linasubiri. Vitu hivyo alivirundika kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

"Unanilaza juu ya makaburi ya watu," dada alimwambia.

"Vingeishia kwenye kifusi," akajibu. "Mimi nimeviokoa."

Kisha ukuta ukamwangukia. Ukuta hauna rafiki. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali patatu, na madaktari wakaunga walivyoweza. Kikosi kilimuaga, akarudi nyumbani kukaa. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mbaya. Mtu aliyezoea kupiga toka asubuhi hadi jioni amekaa kwenye kiti, hana cha kupiga. Alirusha sahani. Alivunja redio kwa ngumi. Siku moja alimchapa dada kofi, dada akamrudishia kwa mwiko wa mbao, jino la mbele likaruka likaingia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Hawakurudia tena, si yeye wala dada, lakini ile ndoo tuliitupa.

Kilichomwokoa ni penseli. Fundi mmoja wa mtaani alikuja kumuuliza kama ukuta fulani unaweza kubeba ghorofa, naye akamchorea kwenye mgongo wa kalenda kwa nini hautabeba. Aliyevunja nyumba maelfu anajua zinavyosimama. Fundi akaleta mwenzake, mwenzake akaleta binamu yake, na kabla ya miezi sita Sururu alikuwa anachora ramani za nyumba ndogo ndogo, vyumba viwili, vyumba vitatu, na kuandika orodha ya matofali, mbao na misumari. Chumba cha binti yao kilikuwa wazi tangu aolewe. Hicho ndicho kikawa ofisi.

Nilidhani ataweka meza na kiti. Yeye alifungua sanduku la bati.

Wiki tatu nzima alikuwa mle na drili na koleo. Vitasa alivipanga ukutani mstari kwa mstari, vya shaba juu, vya plastiki chini. Funguo alizitundika kwenye misumari midogo kuzunguka dirisha, na upepo ukipita zilitikisika na kulia. Vigae vya maua, kila kimoja cha namna yake, alivibandika mbele ya meza. Yule kuku wa mkaa alimwekea fremu na kioo. Vibao vya namba za nyumba alivijaza juu ya mlango. Nyundo yake ya kilo saba aliitundika katikati, kwenye ndoana mbili, kama mtu anavyotundika picha ya babu. Na nyuma ya kiti chake alisimamisha mwimo wa mlango, ule ubao wa wima wa pembeni, mrefu kunizidi, umekwaruzwa kwa kisu alama za urefu wa watoto, moja juu ya nyingine, kila moja na herufi yake.

Alipomaliza alituita. Sijawahi kumwona ametulia vile.

"Mtu akikaa hapa," akasema, "anajua yuko kwa nani."

Kusema kweli, palipendeza. Wateja walipenda. Walikuja kuulizia choo cha nje wakakaa saa nzima wakisikiliza hadithi za vitasa. Dada peke yake hakuingia; chai aliiacha kwenye kizingiti.

Mwanamke mmoja mwashi alikuja Jumamosi moja asubuhi. Nilikuwepo kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yangu ya kumkanda Sururu mguu. Nilikuwa nimemaliza, nimekaa karibu na dirisha nakunja bandeji. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono imekomaa kwa saruji, viatu vya kazi miguuni. Alisema amejenga nyumba za watu tangu akiwa msichana, sasa anataka kujijengea yake, na ingawa kupanga tofali anajua, ramani inamsumbua. Wakacheka wote wawili. Alitaka vyumba viwili na baraza. Sururu akavuta karatasi.

Wakati anapima na rula, mwanamke aliinua macho. Nilimwona anautazama mwimo. Alisimama, akapita nyuma ya meza, akaweka kidole kwenye alama ya tatu kutoka chini. Akakaa hivyo.

"Huu umeutoa wapi?"

Sururu alifurahi kuulizwa. "Ah, huo ndio bibi harusi wa ofisi hii. Kulikuwa na mzee mmoja mbishi sana. Tulimwambia toka, akaukumbatia huo mwimo kama mke. Ilibidi askari wambebe, wawili miguu, wawili mikono."

Hadithi hiyo nilikuwa nimeisikia mara kumi.

"Askari," mwanamke akasema.

"Askari, ndiyo."

"Na vidole je?"

"Vidole gani?"

Hakupandisha sauti. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ile alama. "Hii ni mimi. Hii ya juu ni kaka yangu, hii ya chini ni mdogo wetu. Baba yetu alikuwa fundi saa. Askari walikuwa barabarani, hawakushuka kwenye gari. Mimi nilikuwa nje, nimekaa juu ya godoro letu, nina miaka tisa. Aliyekuja mlangoni ni mtu mmoja, amefungwa bandeji kichwani, imeloa damu. Akamwambia baba, achia. Baba hakuachia. Yule mtu akageuza nyundo, akatumia mpini. Alianza na mkono wa kulia."

Bandeji ile niliifunga mimi. Nilikumbuka asubuhi yenyewe. Nilimwambia apumzike na lile jeraha la jiwe kichwani, naye akasema kazi haingoji.

"Kidole kimoja kimoja," mwanamke akasema. "Vinne. Kila kimoja nilikisikia."

Nilimtazama Sururu nikisubiri akane. Rula ilikuwa bado mkononi mwake.

"Niliambiwa nimalize kabla ya saa nne," akasema.

Mwanamke akanyoosha mkono, akaitoa nyundo ukutani. Aliishika kama mtu anayejua uzito wa chuma. Pigo la kwanza lilikwenda kwenye vitasa, na safu nzima ikaporomoka na lipu yake. La pili likavunja vigae, vipande vikaruka hadi mapajani mwangu. Akageukia dirisha, funguo zikamwagika sakafuni, kioo kikafuata. Kuku wa mkaa alipigwa katikati, akawa unga. Alifanya kazi kwa mpangilio, ukuta baada ya ukuta, hatukani, hasemi, anavuta pumzi na kupiga. Mwimo hakuugusa.

Sururu aliinuka na fimbo yake. Alimpiga nayo mgongoni, halafu usoni, na nyusi ya yule mwanamke ikapasuka damu ikamziba jicho. Mtu mwingine angekimbia. Yeye alimgeukia. Alimshika kifundo cha mkono wa kulia, akaubamiza ule mkono juu ya meza ya kuchorea, akaulalia kwa kiwiko, akageuza nyundo. Nilisikia vidole viwili. Mlio wake ni kama karanga. Nami nasikia mifupa kila siku, lakini huletwa kwangu ikiwa imeshavunjika.

Sururu alipiga ukelele ambao sikujua anao.

Nilimrukia yule mwanamke mgongoni. Kiwiko chake kilinipata mdomoni, mdomo ukachanika, nikaanguka juu ya vitasa. Hapo dada akaingia, kwa mara ya kwanza tangu chumba kile kiwe ofisi, na mchi wa kinu mikononi. Hakuuliza. Alimpiga mwanamke begani kwa nguvu zote, mfupa wa mtulinga ukakatika, nyundo ikaanguka. Akainua tena mchi, sasa anakilenga kichwa. Nikaudaka kwa mikono miwili.

"Dada, basi. Dada, utaua."

Mwanamke alitoka anayumba, mkono mmoja unaning'inia. Lakini kelele zilikuwa zimeshafika barabarani. Jirani aliyeona mtu mwenye damu anatoka nyumba ya watu alipaza neno moja, mwizi, na neno hilo halihitaji ushahidi. Walimdaka getini. Wakamvuta kwa nywele mpaka katikati ya njia, wakamwangusha. Mmoja alimkanyaga lile bega. Mwingine alikuja na tofali.

Sururu alikuwa amejikokota hadi mlangoni, mkono ameukumbatia kifuani. Nilikuwa nyuma yake. Alikuwa anatazama. Nataka niseme hili sawasawa, kwa sababu dada husimulia vingine: alikuwa na pumzi ya kutosha kusema neno, na hakulisema. Alitazama teke la kwanza, la pili, la tatu. Jiwe likampata yule mwanamke kwenye sikio, naye akaacha kujikinga. Nilikuwa nafungua mdomo wangu uliochanika nipige kelele mimi, ndipo Sururu akasema.

"Mwacheni. Si mwizi."

"Mzee, amekuvunja mkono."

"Mwacheni. Tunajuana."

Walimwachia shingo upande, kama watu walionyang'anywa chakula. Mwenye tofali alilitupa chini karibu kabisa na kichwa chake, ili kila mtu ajue kwamba angeweza.

Tulimwingiza barazani. Mahali pengine popote ingekuwa kichekesho: wawili wamekaa ukutani kama wagonjwa wa foleni, na mfunga vidonda mwenyewe anatema damu. Nilianza na yule mwanamke kwa sababu sikio lilikuwa linavuja. Nikamshona nyusi, nikamfunga bega. Sururu nikamfungia vidole kwenye kipande cha rula yake iliyovunjika, nikijua kwamba havitanyooka. Dada alisimama, mchi bado mkononi.

"Ni kweli?" akamuuliza mumewe.

Sururu akaitikia kwa kichwa.

"Kidole kimoja kimoja?"

Akavitazama vidole vyake vilivyofungwa. Dada akamgeukia mwanamke. "Bega lako nimelivunja mimi. Siombi radhi. Ulikuwa unamuua mume wangu."

"Sikuwa namuua," mwanamke akasema. "Ningetaka kumuua ningetumia upande wa chuma."

Dada aliliwaza hilo, akaona lina ukweli, akaweka mchi chini. "Baba yako yupo?"

"Alikufa mwaka wa tatu baada ya pale. Hakufa kwa vidole. Alikufa kwa kukaa. Mtu akileta saa, anaifungua, anaitazama, anamrudishia. Kile kibano chake kidogo kilikuwa kinamponyoka, kinaanguka, sisi watoto tunakitafuta chini ya meza. Mwisho akatukataza kukitafuta." Akapangusa damu shingoni. "Naondoka na ubao wetu."

Dada akaingia ofisini, nikamsikia anakanyaga vioo, akarudi na mwimo ameukumbatia. Sururu aliutazama ukipita mbele yake. Hakusema samahani, na sijui kama ingekuwa bora angesema.

Mwanamke hakuweza kuubeba kwa lile bega. Niliubeba mimi hadi barabara kuu, tukasimama kungoja gari la mizigo la mtu anayemfahamu. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, wa kwake pia.

"Wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake."

"Ulijua?"

"Nilijua anapiga. Sikujua anampiga nani."

"Basi ulijua," akasema.

Gari lilipokuja alipanda nyuma, akaulaza mwimo mapajani, akauzungushia mkono wake mzima. Sijamwona tena. Polisi hakwenda yeye, wala sisi.

Ofisi ilikaa vile vile wiki mbili, vumbi na vioo, hakuna aliyeigusa. Halafu dada akafagia. Vitu vilivyosalia alivitia kwenye katoni tatu, akaziweka juu ya meza ya kuchorea ili mumewe asiweze kufanya kazi bila kuziona. Hawakuongea jambo hilo kwa sauti, au waliongea nisipokuwepo. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja Sururu alitia vitasa vinne kwenye mfuko, akachukua fimbo, akatoka. Kumbukumbu anayo kali mno. Anajua mtaa, anajua rangi ya ukuta, anajua nani alilia na nani alitukana. Kazi ilikuwa kuwapata wenye vitasa. Watu waliovunjiwa hawakai sehemu moja, wanatawanyika kama punje.

Wa kwanza aliyempata ni kinyozi. Alipokea kitasa chake, akakigeuza, akamzaba Sururu kofi. Akaendelea kukigeuza. Akamzaba la pili. Kisha akamwambia mteja aliyekuwa kwenye kiti asogee kidogo, taa haimuliki vizuri. Sururu alirudi jicho limefumba.

"Umepigwa?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Kwa nini usitume mtu avipeleke?"

"Nani?" akasema. Kazi ile mimi nisingeikubali.

Wengine hawakukumbuka. Mwanamume mmoja aliapa kwamba hajawahi kuvunjiwa nyumba, akamfungia mlango, na Sururu anasema kitasa cha mlango uliofungwa ni pacha wa kile kilichokuwa mfukoni mwake. Mlinzi mmoja alimvunja ubavu, nao niliufunga mimi. Dada aliponiuliza kama hii ndiyo toba, nilimwambia mimi si shehe wala padri. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Labda hajui namna nyingine ya kuzungumza na watu ila pawepo mtu anayepigwa.

Wateja wanakuja, wachache. Anachora kwa mkono wa kushoto sasa. Mistari inayumba, lakini vipimo ni sahihi, na mafundi wanasema wao wanajenga kwa vipimo. Kuta zimebaki na matundu. Hajaziba, wala hajatundika kitu.

Jumamosi iliyopita nilimkuta na bibi mmoja aliyekuwa amesikia habari zake na kuja mwenyewe. Alikuwa amekwisha pekua katoni zote tatu akitafuta kigae cha bluu, hakukiona. Nilidhani atamtemea mate, na Sururu nadhani alitarajia hivyo, kwa maana alikuwa ameketi ameinua uso. Badala yake bibi alivuta kiti.

"Chora," akasema.

Akamtajia nyumba yake. Mlango unafungukia wapi, dirisha la jikoni liko juu kiasi gani, ngazi ngapi, ile ya tatu ilikuwa imepasuka. Sururu alichora, akafuta, akachora. Ilichukua asubuhi nzima, mimi nikamkanda mguu chini ya meza maana walikataa kusimama. Alipomaliza, bibi aliichukua karatasi akaisogeza hadi dirishani kwenye mwanga.

"Choo kilikuwa upande wa pili," akasema.

Sururu akanyoosha mkono, akaipokea, akatafuta kifutio.